Kila Soko Lina Ushanga Wake



Misafara ya karne ya 19 iliyopita Unyamwezi ilijua jambo ambalo kampuni changa za leo hulisahau: kila soko lina lipendalo. Mwaka 1871 Stanley, akijitayarisha Unguja, ilimbidi kwanza aulizie ushanga unaopokelewa katika kila nchi. Kwa maelezo yake, mweusi ulipokelewa Ugogo, ukakataliwa kwingineko. Aliyekosea kuchagua alijitwisha mzigo usioweza kumnunulia hata chakula.

Somo hilo halijachakaa. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007 ilienea upesi. Ilipoletwa Tanzania mwaka 2008 ilijikokota mwanzoni. Sifa zilizopatikana kwa jirani hazikutosha.

Basi kijana wa Nzega anayetaka kumwuzia mkulima wa pamba au mpunga huduma mpya ya simu, hana budi kwanza kujua mkulima huyo hupata fedha msimu gani, na humwamini mwenye duka yupi. Kisha achague haja moja tu, aitimize barabara, kabla mtaji haujamwishia njiani. Mteja wa kwanza aliyeridhika ndiye kirangozi, wengine humfuata.