Daraja Kati ya Lugha Mbili



Nimeombwa niseme machache juu ya kazi yangu serikalini, yaani kutengeneza programu za kompyuta za mezani zinazotumiwa na makarani. Nachagua jambo moja tu: jinsi lugha mbili za kompyuta zinavyoshirikiana katika kazi moja.

Lugha ya Python, iliyotolewa mwaka 1991 na Guido van Rossum wa Uholanzi, ni hodari wa hesabu na mpangilio. Lakini kazi ya kuchora madirisha na vitufe iliazima kwa jirani. John Ousterhout wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alianza kutunga lugha ya Tcl mwaka 1988, kisha akaiongezea Tk, yaani zana za kuchorea. Daraja linaloziunganisha huitwa Tkinter.

Ukiandika kwa Python kwamba unataka kitufe, Tkinter huigeuza amri hiyo kuwa ya Tcl, na Tk huchora. Karani akibonyeza, habari hurudi darajani, na Python hupiga hesabu. Kidole kimoja hakivunji chawa.

Lakini, vijana, hatari iko darajani. Kisanduku cha kuandikia hurudisha maandishi, si namba. Karani akiandika 10 katika kisanduku kimoja na 5 katika kingine, na mtengenezaji hakuyageuza kuwa namba, Python haitajumlisha ipate 15. Itayaunganisha ipate 105. Kompyuta haitalalamika. Atakayelalamika ni mzee mstaafu, siku atakapofuata malipo yake akute hesabu si sahihi. Aidha, hesabu ikichukua dakika nzima, dirisha nalo huganda dakika nzima likiisubiri. Karani hudhani mashine imekufa, akaizima kazi ikiwa katikati.

Kwa hiyo mjenzi wa daraja sharti azijue ng'ambo zote mbili. Jambo hili si geni kwenu: mnafikiri kwa Kiswahili, mnajibu mtihani kwa Kiingereza, na mara nyingi alama hupotea njiani ingawa somo mnalijua. Basi someni hesabu, someni lugha, wala msiidharau hata moja. Na kila kinachovuka daraja kikagueni kabla hakijamfikia mwananchi.