Gari: Wakala au Yadi?

Wakala wa Mombasa atakayekuagizia gari kutoka Japani hutaja bei tamu. Lakini hiyo ni bei ya mnada na meli tu. Bado kuna ushuru wa forodha, ushuru wa bidhaa na VAT ya asilimia 16, na KRA, mamlaka ya mapato ya Kenya, haikadirii kodi kwa risiti yako. Isitoshe, umelipa na usukani hujaushika. Yadini utalipa zaidi, ila utawasha injini, fundi wako atalala chini ya gari, na nambari ya chesisi utailinganisha na hati. Anayenunua kwa akiba ya miaka mingi, nasema aende yadi. Akishikilia wakala, adai karatasi ya mnada yenye kilomita za gari, na pesa azitume kwa muuzaji mwenyewe, kamwe si kwa simu ya wakala.