MGENI MPE MWIKO
Somo la redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima

Natumaini wote mmekwisha kaa, na madaftari yako tayari. Mwalimu wa darasa, tafadhali andika ubaoni maneno manne: MWIKO, NGOMA, MAPATANO, MAFUNGU. Maneno haya tutayatumia leo.

Zungumzo letu lahusu kazi moja ambayo wengi wetu hatuihesabu kuwa ni kazi. Ni kazi ya kumfundisha msafiri kupika chakula chetu na kucheza ngoma zetu. Twajua kumpikia mgeni. Twajua kumchezea mgeni ngoma, naye akakaa kitini akatazama. Lakini kumpa mwiko akasonga mwenyewe, na kumtia katika duara la ngoma akacheza mwenyewe, hilo ni jambo jingine. Hilo ni kufundisha, na mwalimu hana budi kulipwa.

Kwanza tuitazame nchi yetu. Mji wa Morogoro uko chini ya milima ya Uluguru, karibu kilomita 200 kutoka Dar es Salaam. Tangu mwaka 1994? La, tusikisie mwaka. Tuseme tu kwamba katika miaka ya 1990 shirika la Uholanzi liitwalo SNV, pamoja na Bodi ya Utalii, lilisaidia vijiji mbalimbali vya Tanzania kuanzisha utalii wa utamaduni. Maana yake ni kwamba mgeni haji kutazama simba na tembo tu, bali huja kutazama maisha ya watu. Mjini Morogoro kikundi kiitwacho Chilunga kimejulikana kwa kazi hii. Huwachukua wageni kwa miguu mpaka vijiji vya mlimani, kama Choma. Na mwaka 2024 treni ya umeme ilianza kuchukua abiria kati ya Dar es Salaam na Morogoro. Njia imekuwa fupi. Wageni wanaweza kuongezeka. Je, sisi tumejiandaa?

Kazi hii si ya kwetu peke yetu. Huko Meksiko, katika bara la Amerika, wasafiri huenda kwa akina mama wakajifunza kupika. Asubuhi huenda sokoni pamoja kununua vitu. Kisha huchemsha mahindi katika maji yenye chokaa ya kulia chakula. Chokaa hulegeza ganda la mahindi, tena huyafanya yaupe mwili vitamini ambayo mahindi matupu huificha. Kisha huyasaga juu ya jiwe, wakafinyanga mikate myembamba ya duara iitwayo tortilla. Baadaye hufundishwa kucheza, kwa mfano ngoma iitwayo jarabe, ya kupiga chini kwa visigino. Mwaka 2010 shirika la UNESCO liliyatia mapishi ya jadi ya Meksiko katika orodha ya urithi wa utamaduni usioshikika wa binadamu.

Hapo kuna jambo la kutushangaza. Mahindi tunayosongea ugali asili yake ni huko huko Meksiko. Wakulima wa kale wa nchi ile waliyatengeneza kutokana na jani la porini, miaka kama 9,000 iliyopita. Baada ya mwaka 1492 meli za Wazungu zilianza kuchukua mazao ya Amerika kwenda nchi nyingine, nayo mahindi yakafika Afrika. Jina lenyewe, mahindi, latufanya tudhani yametoka India, kumbe sivyo. Pilipili, nyanya na maharage pia yametoka huko Amerika. Basi mama wa Meksiko na mama wa Uluguru wanapika zao moja. Mmoja hufanya mkate, mwingine husonga ugali. Kama ujuzi wa yule una thamani, ujuzi wa huyu nao una thamani.

Sasa tuone jinsi ya kufundisha. Tuseme wageni wanne wamefika kijijini saa tatu asubuhi.

Kwanza, wasalimie, uwakaribishe, uwaulize kama kuna chakula wasichokula. Wengine hawali nyama, na wengine karanga huwadhuru. Wape maji yaliyochemshwa. Wote wanawe mikono kwa sabuni, mwalimu kwanza.

Pili, wape kazi ya kinu. Waluguru hulima mpunga wa mlimani, usiohitaji majaruba. Mgeni ashike mchi, atwange. Kisha ashike ungo, apepete. Atamwaga, nanyi msimcheke sana. Mwonyeshe mkono unavyotikisa, pumba zikaenda mbele na mchele ukabaki. Ataelewa kwa mara ya kwanza kwamba sahani moja ya wali ina jasho.

Tatu, mbuzi. Si mbuzi wa kuchinja, ni mbuzi ya kukunia nazi. Mgeni akae juu yake, akune polepole, asijikate vidole. Tena akamue. Mwonyeshe tui la kwanza, lililo zito, na tui la pili, lililo jepesi. Mweleze kwa nini jepesi hutangulia chunguni na zito hutiwa mwisho: tui zito likichemka sana hukatika.

Nne, mwiko. Hapa ndipo walimu wengi hukosea. Mama huona mgeni anachelewa, ugali unapata madonge, basi humnyang'anya mwiko akamalizia mwenyewe. Hapo somo limekufa. Mgeni amerudi kuwa mtazamaji. Wazee walisema, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Katika kazi hii usingoje siku ya tatu. Mpe mwiko siku ile ile, uushike pamoja naye kidogo, kisha uache mkono wako. Ugali wenye madonge alioupika mwenyewe ataukumbuka kuliko ugali laini aliopikiwa.

Baada ya kula kwa mkono, ije ngoma. Ngoma zipashwe moto kwanza, ngozi ikaze. Msianze kwa mwendo wa kasi. Piga ngoma moja tu, polepole. Wageni wapige makofi mpaka wayapate mapigo. Kisha miguu peke yake. Kisha mabega au kiuno, kwa jinsi ngoma ile ilivyo. Mwisho viungo vyote pamoja, ndani ya duara, kila mgeni kati ya wenyeji wawili. Mtu hujifunza ngoma kwa jirani yake kuliko kwa maelezo.

Ndugu wanakisomo, sasa nageukia neno zito. Si kila ngoma ni ya kufundisha wageni. Kuna ngoma za furaha, za mavuno, za harusi. Lakini kuna mambo ya mwali, ambayo msichana hufundishwa ndani na kungwi wake. Kuna mambo ya msiba na ya tambiko. Hayo yana wenyewe na yana wakati wake. Mgeni akitoa fedha nyingi ili aonyeshwe, kijiji kitasemaje? Kikingoja mpaka siku hiyo, aliye na shida ya fedha ndiye atakayejibu kwa niaba ya wote. Kwa hiyo mapatano yafanywe mapema. Wazee na akina mama wakae, waseme: hizi tutafundisha, hizi hatutafundisha hata kwa bei yo yote. Na kwa sababu Waluguru huhesabu ukoo kwa upande wa mama, neno la akina mama lisiwe la mwisho katika kikao hicho. Vivyo hivyo katika picha: mgeni aombe kwanza. Na watoto wasitolewe shuleni kuja kucheza.

Wazee wetu wa Uluguru wanajua uzito wa kuulizwa na kutoulizwa. Mwaka 1955, wakati wa ukoloni, serikali iliwalazimisha wakulima kuchimba matuta milimani. Watu walikataa, palitokea ghasia huko Matombo, na mpango ule ukaachwa. Wakati huo mtaalamu alikuja kufundisha bila kuuliza. Leo mgeni anakuja akae chini ajifunze. Cheo cha mwalimu kimekuwa chetu. Tusikitupe.

Sasa tufanye hesabu. Hii ni hesabu ya mfano. Bei mtapanga wenyewe. Andikeni.

Wageni 4, kila mmoja shilingi 30,000. Jumla shilingi 120,000.
Mpunga, nazi, mboga na mafuta: shilingi 22,000.
Kuni na maji: shilingi 6,000.
Mwongozaji aliyewaleta: shilingi 20,000.
Jumla ya matumizi: shilingi 48,000. Zabaki shilingi 72,000.

Walimu ni 8: mwalimu wa mapishi, msaidizi wake, wapiga ngoma 3 na wachezaji 3. Kila mmoja apate shilingi 8,000. Hizo ni shilingi 64,000. Zinazobaki, shilingi 8,000, ziingie katika mfuko wa kijiji.

Tazameni mstari wa kuni na maji. Mara nyingi mstari huu hauandikwi. Mama alitoka alfajiri, akapanda kilima na mzigo kichwani, lakini katika daftari hayumo. Husemwa, "Kuni ni za bure." Kuni si za bure, zimelipiwa kwa mgongo wa mtu. Mkiacha kuandika mstari huo, kazi ya mama imewanufaisha wengine wote ila yeye.

Na hii ndiyo faida ya kisomo. Asiyejua kusoma huambiwa, "Mgeni alilipa kidogo," akaamini. Anayejua kusoma husema, "Nionyeshe daftari." Fedha zikipokelewa, ziandikwe mbele ya watu wawili. Zikigawanywa, kila mmoja atie sahihi yake mwenyewe, si alama ya dole gumba. Ndipo mafungu yatakuwa mafungu, wala hapatakuwa na manung'uniko.

Basi tukumbuke mambo matatu. Mgeni mpe mwiko, usimpikie tu. Patana mapema lipi ni la wageni na lipi ni la wenyewe. Andika kila shilingi na kila kazi, hata mzigo wa kuni.

Sasa mwalimu wa darasa atawaongoza katika maswali haya:

1. Katika kijiji chenu, ni chakula gani kimoja ambacho mgeni angeweza kujifunza kupika kwa nusu siku? Andikeni hatua zake.
2. Tajeni ngoma moja mnayoweza kufundisha. Je, iko ngoma ambayo hamtaifundisha? Nani ana haki ya kuamua?
3. Katika hesabu yetu, mwalimu wa mapishi amepata sawa na msaidizi wake. Je, hiyo ni haki? Semeni sababu.
4. Wakija wageni 6 badala ya 4, kwa bei ile ile, jumla itakuwa shilingi ngapi?

Someni tena somo hili nyumbani, na aliye na mama yake amsomee kwa sauti.