Safari ya Barabara ya Iringa: Hotuba kwa Wazee na Walimu



Nimeombwa niseme juu ya safari ya kutazama mambo ya kale na maajabu ya nchi katika barabara itokayo Morogoro kwenda Iringa, na kutoka Iringa hata mto Ruaha Mkuu. Najua ya kuwa wako wazazi wanung'unikao wakiombwa mchango wa nauli ya watoto, husema, "Je, shule imekosa kazi hata iwapeleke watoto wetu kutazama mawe?" Swali hilo ni la haki, maana fedha haiokotwi njiani. Basi nitawaeleza yaliyoko huko, nanyi mtapima wenyewe kama yanastahili nauli au sivyo.

Motokaa ikitoka Morogoro hupita katikati ya mbuga ya wanyama ya Mikumi, iliyowekwa mwaka 1964, na abiria aweza kuona twiga na tembo asiteremke. Mbele yake ni bonde la Ruaha lenye mibuyu mingi kuliko mtu awezavyo kuhesabu, kisha mlima wa Kitonga, ambapo barabara hupanda ikijipinda ukingoni mwa genge. Hapo sitakawia, kwa kuwa dereva mwenyewe hapendi kukawia hapo.

Kiasi cha kilomita 25 kabla ya kufika mjini Iringa ni Lugalo. Hapo mteremke. Tarehe 17 Agosti 1891 jeshi la Wadachi lilipita hapo, limejipanga mstari mrefu mwembamba, mbele yake mkubwa wao Emil von Zelewski, ambaye watu walimwita Nyundo. Wahehe walikuwa wamejificha vichakani. Ishara ilipotolewa waliinuka na mikuki yao, na askari wengi hawakuwahi hata kuzitumia bunduki zao. Zelewski akafa pamoja na sehemu kubwa ya jeshi lake, na Wahehe wakateka bunduki nyingi. Wazee husimulia ya kuwa aliyemwua alikuwa kijana tu, wala si shujaa mwenye jina.

Leo mtaona mnara mahali pale. Mwalimu na awaulize watoto: ni nani aliyeujenga? Ni Wadachi, kwa ajili ya wafu wao. Walioshindwa waliacha mnara, na walioshinda waliacha masimulizi. Kwa hiyo asomaye mnara peke yake arudi nyumbani na nusu ya habari; nusu ya pili yapasa aipate kwa wazee, na wazee hao hupungua kila mwaka.

Mjini Iringa penyewe kuna Boma la zamani la Wadachi, ambalo tangu mwaka 2016 ni nyumba ya makumbusho, na liko jiwe kubwa la Gangilonga, maana yake jiwe lisemalo, ambalo juu yake mtu huuona mji wote. Jina la Iringa nalo latokana na neno la Kihehe, lilinga, yaani ngome. Ngome yenyewe lakini haikuwa hapo mjini, nitaifikia.

Kwanza tushike barabara ya Mbeya, kiasi cha kilomita 20, hata Isimila. Hapa ndipo wazazi husema habari ya mawe, nami nakubali, ni mawe kweli. Zamani za kale sana palikuwa na ziwa dogo au kinamasi, na watu walikuja ukingoni kuwinda na kuchinja. Walitengeneza mashoka ya mkono kwa kugonga jiwe kwa jiwe, wakayaacha hapo, na matope yakayafunika. Wataalamu hukadiria ya kuwa mawe hayo yana umri wa miaka 260,000 hivi. Habari zake zilijulikana kwa wataalamu mwaka 1951, na mwaka 1957 F. Clark Howell na wenzake wakaanza kuchimba kwa utaratibu. Walipata pia mifupa ya kiboko wa aina isiyokuwako tena duniani, ambaye macho yake yalitokeza juu ya kichwa kupita ya kiboko wa leo. Shoka moja laweza kuzidi sentimita 30, na mtu mzima huona shida kulishika kwa mkono mmoja. Mtoto akiliona hilo hatasema tena ya kuwa watu wa kale hawakuwa na akili, kwa maana kila upande wake umechongwa kwa kipimo.

Karibu na hapo liko korongo lenye nguzo ndefu za udongo na mchanga, zimesimama kama minara. Hizo hazikujengwa na mtu. Mvua ndiyo iliyouchukua udongo laini na kuuacha mgumu. Mvua hiyo hiyo ndiyo iliyoyafichua mashoka, na kila masika huyasogeza. Nasema haya kwa sababu moja. Wageni wengine huokota jiwe na kulitia mfukoni, kwa kuwa yako mengi na hakuna atakayeona. Jiwe lililoondolewa mahali pake halimwambii mtaalamu lolote. Hajui lilikuwa chini ya tabaka gani wala karibu na mifupa ya mnyama gani. Mwalimu awatazame wanafunzi mikono, na yeye mwenyewe pia ajitazame.

Sasa turudi Iringa, tushike njia ya magharibi. Kiasi cha kilomita 15 ni Kalenga, kando ya Ruaha Mdogo. Hapa ndipo ilipokuwa ngome ya Mtwa Mkwawa, imezungushiwa ukuta wa mawe na udongo. Miaka mitatu baada ya Lugalo, Wadachi walirudi na Gavana von Schele na mizinga, na tarehe 30 Oktoba 1894 ngome ikaanguka. Mkwawa hakushikwa. Alipigana porini karibu miaka minne, na Wadachi wakatangaza zawadi ya rupia 5,000 kwa atakayemleta. Hakuna aliyeipata kwa kumleta akiwa hai: tarehe 19 Julai 1898 alijipiga risasi huko Mlambalasi, askari wakiwa karibu kumfikia.

Wadachi wakakikata kichwa chake. Vita vya Ulaya vilipokwisha, jambo hilo liliandikwa hata katika Mkataba wa Versailles wa mwaka 1919, kifungu cha 246, ya kuwa Udachi irudishe fuvu la Mkwawa katika miezi sita. Miezi sita ikawa miaka thelathini na mitano. Mwisho Gavana Twining alilifuata katika nyumba ya makumbusho ya Bremen, na tarehe 19 Juni 1954 akalikabidhi Kalenga kwa Mtwa Adam Sapi, mjukuu wa Mkwawa, ambaye baadaye alikuwa Spika wa Bunge kwa miaka mingi. Fuvu limo katika makumbusho ya Kalenga hata leo. Mwili umelala Mlambalasi, kiasi cha kilomita 50 kutoka Iringa. Nimewaona watu wazima wakivua kofia mbele ya fuvu lile bila kuambiwa. Ukuta wa ngome lakini umebaki kidogo sana, na mahali pengine mgeni asiyeonyeshwa huukanyaga asijue.

Njia hiyo hiyo huendelea hata mbuga ya Ruaha, iliyowekwa mwaka 1964 na kupanuliwa mwaka 2008 kwa kuunganishwa na sehemu ya Usangu. Simba na tembo wako wengi, lakini mimi ningependa watoto wautazame mto kwanza. Tangu mwaka 1993 Ruaha Mkuu, ambao zamani ulitiririka mwaka mzima, hukauka mbugani wakati wa kiangazi, na tembo huchimba mchanga kutafuta maji. Sababu iliyo kubwa iko juu, huko Usangu, ambako maji hutolewa kumwagilia mashamba ya mpunga na mifugo imekuwa mingi. Sisemi mkulima asilime. Mchele huo twaula sote. Lakini maji hayo hayo yangekwenda bwawa la Mtera, na umeme wake huwasha taa zetu. Mtoto wa mkulima akisimama katika mchanga mkavu ataelewa mfereji wa baba yake unakoishia kuliko akisomewa darasani.

Kwa atakayepanga safari: Juni hata Oktoba barabara ni kavu na wanyama huonekana vizuri. Isimila mwende asubuhi na mapema, kwa kuwa korongoni jua ni kali, na kila mtoto achukue maji yake. Kalenga mpeleke taarifa kabla, ili mzee wa kusimulia awepo. Nauli ikitosha siku mbili tu, Ruaha iachwe, Kalenga isiachwe.