Nchi Jirani: Mwani Mpya wa Yangambi



Mwaka 2016 wataalamu wa mimea, miongoni mwao Christine Cocquyt wa Ubelgiji pamoja na mwenzao wa Kikongo, walitangaza kwamba katika maji ya hifadhi ya Yangambi, Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, umepatikana mwani ambao haujapata kuandikwa popote duniani. Mwani huo wa maji baridi ulipewa jina la Eunotia rudis. Ni wa jamii ya dayatomu, viumbe vyenye seli moja tu, visivyoonekana ila kwa hadubini. Kila kimoja kimevaa ganda gumu la silika, kitu kile kile ambacho hutengenezewa kioo.

Huenda askari aliye mpakani, au polisi aliye zamu kituoni, akauliza habari hiyo inamhusu nini. Inamhusu sana.

Maiti inapookotwa ziwani au mtoni, hapana budi mpelelezi ajiulize: je, marehemu alikufa maji, ama aliuawa nchi kavu kisha akatupwa humo ili uovu ufichike? Mtu anayezama akiwa hai huvuta maji mapafuni. Moyo wake, ambao ungali ukipiga, huzisukuma dayatomu pamoja na damu hadi kwenye maini, mafigo na uboho wa mifupa. Aliyetupwa akiwa amekwisha kufa, maji yaweza kumwingia mapafuni, lakini damu yake haitembei tena. Na kwa kuwa ganda lile la silika haliozi, daktari aweza kulitafuta hata mwili ukiwa umeharibika.

Ushahidi huo hautoshi peke yake. Ni lazima uungane na ushahidi mwingine. Tena hauna nguvu iwapo hakuna maji ya mahali penyewe ya kulinganisha nayo. Kwa hiyo chupa safi ya maji, iliyojazwa pale pale maiti ilipookotwa na kuandikwa mahali, siku na saa, yaweza kumsaidia hakimu kuliko maneno mengi. Lakini mtaalamu atalinganishaje viumbe ambavyo havijaandikwa? Ndipo thamani ya kazi ya Yangambi inapoonekana.

Kuna jambo la pili. Nyingi katika jamii ya Eunotia hupenda maji yenye asidi kidogo, yasiyoingiwa na taka wala mbolea. Maji hayo yakianza kuchafuka, hizo hupungua na aina nyingine hushika nafasi zao. Hivyo mwani huu ni kama mlinzi wa lindo, ambaye kutoweka kwake ni ishara ya hatari. Kikosi kinachopiga kambi kando ya maji hakina hadubini, lakini kina macho: maji yanapogeuka rangi ghafla, au kufunikwa na utando wa kijani, yasinywewe, na habari itolewe mara moja.

Ikumbukwe kwamba elimu hii si ngeni katika eneo letu. Mwaka 1904 hadi 1905 msafara wa Dk. W. A. Cunnington ulikusanya mwani katika Ziwa Tanganyika, na mwaka 1907 Mwingereza G. S. West akauandika katika taarifa iliyochapwa Uingereza. Enzi hizo wageni ndio waliokusanya, na wageni ndio waliotoa majina. Lakini mwaka 2010 wataalamu wa Kongo na wa Ubelgiji walisafiri pamoja kwa mashua katika Mto Kongo, toka Kisangani hadi Bumba, wakikusanya viumbe. Na katika ugunduzi wa Yangambi, Mkongo ni mmoja wa walioutangaza. Hiyo ni hatua ya kujivunia.

Ziwa Tanganyika ni mali ya nchi nne: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia, ambazo zilitia sahihi hapa Dar es Salaam, tarehe 12 Juni 2003, mkataba wa kulitunza kwa pamoja. Maji hayaonyeshi pasi mpakani, wala uchafu hausimami kukaguliwa. Jirani anapoyahesabu yaliyomo katika maji yake, anatufundisha nasi kuyahesabu yetu. Wahenga walikwisha kusema: mali bila daftari hupotea bila habari.