Wingi wa Watu na Nchi Zisemwazo Kuwa Tupu



Katika mkutano uliopita mzee mmoja aliuliza: ikiwa watu wamezidi na mashamba ya kurithi yamekuwa vipande, mbona zile nchi kubwa zenye watu haba zisitupokee? Kamati imeniagiza nijibu, nami nitachukua mfano wa Australia.

Mwaka 1950 watu wa dunia walikuwa kadiri ya bilioni 2.5, mwezi Novemba 2022 Umoja wa Mataifa ulitangaza kwamba wametimia bilioni 8. Hapa Kenya hesabu ya 1948 ilipata watu milioni 5 na ushei. Ile ya 2019 ilipita milioni 47. Australia inaishinda Kenya kwa ukubwa mara 13, na watu wake ni kama milioni 27 tu.

Atazamaye ramani atasema nafasi ipo. Lakini sehemu kubwa ya nchi ile ni nyika kame, na zaidi ya watu wanane katika kila kumi wamejibana karibu na pwani. Aliyefika Turkana au Marsabit hahitaji maelezo zaidi.

Hata hivyo Australia ilipokea wageni. Mwaka 1945, ikiwa na watu milioni 7 na kidogo, iliunda wizara ya wahamiaji chini ya Bwana Arthur Calwell. Wakimbizi wa Ulaya waliletwa kwa meli, wakatia sahihi mkataba wa miaka miwili kufanya kazi popote watakapopangiwa. Katika milima ya Snowy, tangu 1949 hata 1974, watu zaidi ya 100,000 wa mataifa zaidi ya 30 walijenga mabwawa na kuchimba njia za maji chini ya miamba, ili kupata umeme na maji ya kunyweshea mashamba. Naomba wazee mwangalie jambo hili: wageni hawakugawiwa nyika wajilimie. Walipewa kazi ya mshahara, na wengi wakaishia mijini.

Tena mlango haukuwa wazi kwa wote. Sheria ya 1901 iliwazuia wasio weupe, na mabaki ya siasa hiyo yaliondolewa mwaka 1973. Wala nchi haikuwa tupu. Wenyeji wake wamekaa humo miaka zaidi ya 50,000, lakini ni mwaka 1992 tu, katika kesi ya Eddie Mabo, Mahakama Kuu ilipokiri kwamba walikuwa na haki ya ardhi kabla ya Waingereza kufika. Wazee wetu walionja uchungu huo huo, maana Sheria ya 1915 iliifanya hata ardhi waliyoikalia kuwa mali ya Mfalme.

Siku hizi nchi hizo huchagua. Kanada, tangu 1967, humpima mwombaji kwa alama za elimu, ufundi na lugha. Mwenye njaa ya shamba hana alama. Kwa hiyo watakwenda wachache, na walio wengi watabaki papa hapa.

Kamati yapendekeza basi kwamba mfuko wa safari ulipe kwanza karo ya vijana wanaojifunza uuguzi, umeme na useremala, maana ufundi huo utawafaa wakienda na wakibaki. Nauli ifuate baadaye. Pendekezo hilo litapigiwa kura baada ya Mweka Hazina kusoma hesabu zake.