Jengo la Shule ya Mtakatifu Maria, Mbweni, na Watoto wa Kusini
(Hotuba iliyotolewa Madimba, Mtwara, katika maadhimisho ya Jubilei ya miaka mia moja)



Nimeombwa niseme machache juu ya majengo ya kale ya shule za misheni. Sisi Walutheri wa pwani huanza kuhesabu miaka yetu mwaka 1887, Mchungaji Johann Jakob Greiner alipofika Dar es Salaam. Leo, hata hivyo, naomba tutazame jengo la ndugu zetu Waanglikana lililosimamishwa kabla ya hapo. Liko Unguja, lakini habari zake ni habari za watu wa kusini, yaani za kwetu.

Jengo hilo ni Shule ya Mtakatifu Maria ya Mbweni, kusini ya mji wa Zanzibar. Shamba la Mbweni lilinunuliwa na Misheni ya Vyuo Vikuu, yaani UMCA, mwaka 1871, siku za Askofu Tozer. Ilikuwa enzi ya Malkia Victoria. Huko Uingereza sheria ya elimu ya mwaka 1870 ilikuwa imeanza kueneza shule vijijini: nyumba ya darasa, kengele, nyumba ya mwalimu, na kanisa karibu yake. Mpango huo wa kijiji chenye shule na kanisa ndio waliokuja nao wamisionari. Tofauti ilikuwa watoto wenyewe. Wasichana wa Mbweni walikuwa wametolewa katika majahazi ya watumwa, na wengi wao hawakujua wazazi wao wako wapi.

Soko la watumwa la Zanzibar lilifungwa kwa mkataba wa tarehe 5 Juni 1873. Kabla ya hapo misafara ilitoka Ziwa Nyasa, ikapita nchi ya Wayao, ikafika Kilwa na bandari nyingine za pwani hii. David Livingstone aliposhuka Mikindani mnamo Machi 1866 na kufuata bonde la Ruvuma, aliyaona mwenyewe madhara ya biashara hiyo. Kwa hiyo tunapotaja watoto wa Mbweni tusidhani kuwa tunawataja wageni. Wengi wao walizaliwa upande huu wa bara.

Sasa tuliangalie jengo lenyewe. Mpango wake ulitoka Uingereza, lakini mwili wake ni wa pwani. Kuta ni za mawe ya matumbawe yaliyounganishwa kwa chokaa. Chokaa hiyo hupatikana kwa kupanga mawe ya matumbawe juu ya magogo, kuyachoma kwa moto mkali, kisha kuyazima kwa maji. Majengo ya namna hii huwa na kuta nene, kwa sababu jiwe la matumbawe ni jepesi na lina matundu. Dari za kale za pwani zilibebwa na boriti za mikoko, na urefu wa boriti ndio uliopanga upana wa chumba. Ndiyo maana vyumba vya nyumba hizo ni virefu lakini vyembamba. Sisi tunaoishi karibu na mikoko ya mdomo wa Ruvuma tunaijua miti hiyo vizuri. Mchoro ulikuwa wa mgeni, lakini ujuzi wa kuchoma chokaa, kuchagua jiwe na kupanga boriti ulikuwa wa mafundi wa pwani. Majina yao hayakuandikwa ukutani.

Ndani ya jengo hilo palikuwa na kanisa dogo la shule, ambalo matao yake yamesalia hadi leo. Mwalimu mkuu kuanzia mwaka 1877 alikuwa Bibi Caroline Thackeray, aliyeongoza kwa takriban miaka 25. Wasichana walioonekana wepesi wa masomo walifundishwa kuwa walimu. Wengine walipelekwa upande wa kazi za mikono, wakajifunza kupika, kufua, kushona na kusuka. Hapa tuseme kweli bila kuficha: shule ile iliwapa watoto usalama, kusoma na kuandika, lakini pia iliwagawa na kuwaamulia maisha yao. Mambo yote mawili ni historia yake.

Matunda yake yalifika kwetu. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere aliondoka Zanzibar na zaidi ya watu hamsini waliowekwa huru, wanaume na wanawake wa Mbweni. Wakapitia Lindi, wakaanzisha kijiji Masasi. Mwaka 1882 kijiji hicho kilishambuliwa na Wangoni. Wako waliouawa, na wako waliotekwa tena baada ya kuonja uhuru. Hata hivyo kazi haikukoma. Cecil Majaliwa, Myao aliyeokolewa utumwani akiwa mtoto, alihudumu Chitangali kuanzia mwaka 1886, na mwaka 1890 akawa kasisi wa kwanza Mwafrika wa misheni hiyo. Mkewe, Lucy Magombeani, alikuwa binti wa Mbweni. Vitabu vingi humtaja mume. Tukumbuke kwamba nyumba ile ya mchungaji ilikuwa na msomi wa pili.

Leo shule hiyo ni magofu. Ilifungwa mapema katika karne ya 20, na paa limekwisha. Ukuta wa matumbawe na chokaa hustahimili miaka mingi ukiwa na paa. Paa likiondoka, mvua huingia kwa juu, chokaa hulainika, na mizizi ya miti hufanya kazi iliyobaki. Wengine hudhani dawa ni kupiga lipu ya saruji. La hasha. Saruji hufungia unyevu ndani, na ukuta huoza kimyakimya. Ukuta wa chokaa hutibiwa kwa chokaa.

Ndugu wapendwa, nchi yetu hii inajengwa upya. Tangu kiwanda cha kusafisha gesi kilipojengwa hapa Madimba, kila mwaka tunaona tofali jipya. Si vibaya. Lakini katika sharika nyingi madarasa ya kale yanabomolewa kabla hata ya kupigwa picha. Boma la Mikindani la mwaka 1895 lilikarabatiwa, na sasa ni hoteli. Ikiwa boma la mtawala limepata watu wa kulihifadhi, je, darasa alimosoma bibi yako halistahili?

Natoa mapendekezo matatu. Kwanza, jengo lolote la kale lisivunjwe kabla ya kupimwa na kupigwa picha. Pili, palipo na fedha kidogo, zianze na paa. Tatu, katika kumbukumbu za Jubilei tusiishie kwenye orodha ya wachungaji na wafadhili. Tuwaulize wazee, tuandike majina ya mafundi waashi, wapishi, walimu wa vijijini na wanafunzi wa kwanza. Mafundi wa Mbweni hatuwezi tena kuwauliza. Wazee wetu bado wamo humu ndani.